Mawe Yaliyobaki Kwao: Hekalu la Zeus na Makumbusho ya Olympia



Nimeombwa nizungumzie magofu ya mahekalu ya Wagiriki wa kale. Mahekalu hayo ni mengi, kuanzia kisiwa cha Sicily hadi pwani ya Uturuki, na mtu akitaka kuyataja yote ataishia kusoma orodha. Nimeona tuchague mahali pamoja, tukae hapo mpaka tupafahamu. Mahali penyewe ni Olympia.

Sababu ya kupachagua naisema mapema, ili mnisikilize mkiijua. Mahekalu mengi ya kale yametenganishwa na sanamu zake: nguzo ziko nchi moja, sanamu ziko nchi nyingine, na msomi analazimika kupanda ndege ili aviunganishe kichwani. Olympia sivyo, isipokuwa kwa sehemu ndogo nitakayoitaja. Pale mtu anatazama msingi na nguzo zilizoanguka, kisha anatembea kwa miguu dakika chache, anaingia makumbusho, na anakuta kile kilichokuwa kimesimama juu ya nguzo hizo. Hali hiyo haikuja kwa bahati. Iliandikwa kwenye karatasi mwaka 1874, kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi, na karatasi hiyo inatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Tuanze na mahali. Olympia iko magharibi mwa rasi ya Peloponnese, kilomita 300 hivi kwa barabara kutoka Athens. Ni bonde lenye rutuba, lenye mizeituni na misonobari, chini ya kilima kidogo kiitwacho Kronion, pale mto Kladeos unapoingia katika mto mkubwa zaidi, Alpheios. Dunia inapajua kwa ajili ya michezo. Kwa hesabu ya jadi, Olimpiki ya kwanza ilikuwa mwaka 776 K.K., ikaendelea kila baada ya miaka minne kwa zaidi ya miaka elfu moja. Moto wa Olimpiki za siku hizi bado huwashwa hapo kwa kioo na miale ya jua, mbele ya hekalu la Hera, desturi iliyoanza mwaka 1936. Moto uliowaka Moscow mwaka 1980, Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walipoiletea Tanzania medali zake za kwanza za Olimpiki, ulitoka katika bonde hilo. Lakini kwa Wagiriki wa kale mbio na mieleka vilikuwa sehemu ya ibada. Michezo ilikuwa ya Zeus, mungu mkuu kuliko wote, na nyumba ya Zeus ndiyo iliyokuwa kiini cha pale.

Mgeni anayefika kwa mara ya kwanza huitafuta nyumba hiyo kwa kutazama juu, na huikosa, kwa kuwa karibu kila kitu kiko chini. Jukwaa la hekalu limebaki, refu kiasi cha mita 64 na pana mita 28 hivi. Juu yake zilisimama nguzo 6 mbele, 6 nyuma, na 13 kila ubavu ukihesabu na za pembeni, kila moja ikiwa na kimo cha zaidi ya mita 10. Mjenzi alikuwa Libon, mwenyeji wa Elis, jimbo lile lile, na kazi ilikamilika miaka ya 450 K.K. Leo nguzo zimelala. Ukipita upande wa kusini utaona vipande vyake vya duara vimefuatana kimoja baada ya kingine, vimeegemeana, katika mpangilio ule ule viliokuwa nao viliposimama, kwa sababu nguzo zilianguka nzima nzima katika matetemeko ya ardhi ya karne ya 6 B.K. na hakuna aliyezigusa. Vile vya chini vina kipenyo cha zaidi ya mita 2, na mtu mzima akisimama kando yake anapitwa kimo. Nguzo moja tu imesimama. Wataalamu wa Ujerumani waliiunganisha upya mwaka 2004, mwaka wa Olimpiki za Athens, ili mgeni apate kipimo cha macho. Naona walifanya vema kuishia kwenye moja. Anguko lile nalo ni historia, na lingefutika kama wangezisimamisha zote.

Weka uso karibu na mojawapo ya vipande hivyo. Jiwe limejaa kombe za baharini, nyingine nzima kabisa zenye mistari yake, zilizoganda humo kabla binadamu hajawa binadamu. Ni jiwe la chokaa la pale pale, gumu lakini lenye matundu, halikubali kuchongwa kwa urembo. Kwa hiyo mafundi walilipaka lipu nyembamba nyeupe, hekalu zima likang'aa kama lililojengwa kwa marumaru. Fundi wa Lamu au wa Kilwa, aliyezoea kulainisha mawe ya matumbawe kwa chokaa, angeielewa kazi ile bila kuelezwa. Marumaru halisi iliagizwa kutoka kisiwa cha Paros, ikasafirishwa kwa bahari, ikatumika kwa sanamu na kwa vigae vya paa tu. Hapo tunaona jinsi walivyopanga matumizi yao: jiwe la nyumbani libebe uzito, jiwe la gharama liwekwe pale litakapotazamwa, au pale mvua itakapopiga.

Ndani ya hekalu hilo alikaa Zeus wa Pheidias, moja ya yale maajabu saba ya dunia ya kale. Pheidias alikuwa Mwathene, na alikuja Olympia baada ya kumaliza sanamu ya mungu wa kike Athena katika hekalu la Parthenon. Alimtengeneza Zeus ameketi kwenye kiti cha enzi, kimo cha mita 12 hivi, ngozi ikiwa ya pembe za ndovu na nguo zikiwa za dhahabu, juu ya kiunzi cha mbao. Strabo, mwanajiografia wa kale, alieleza kwamba mungu huyo alikuwa mkubwa kiasi kwamba angesimama angelitoboa paa. Pausanias, msafiri wa karne ya 2 B.K. aliyeandika kitabu kuhusu nchi nzima ya Ugiriki, anaeleza kwamba mafuta ya zeituni yalimwagwa sakafuni mbele ya sanamu ili pembe zisidhuriwe na unyevu wa bonde lile. Sanamu yenyewe haipo. Habari za kale husema ilipelekwa Constantinople na kuteketea kwa moto katika karne ya 5.

Kilichobaki ni karakana yake, nayo inanigusa kuliko maajabu yenyewe. Iko magharibi mwa hekalu, jengo lenye vipimo vinavyokaribiana na chumba cha ndani cha hekalu, ili fundi aone kazi yake katika nafasi itakayokaa. Baadaye Wakristo waliigeuza kanisa, na jambo hilo ndilo lililoziokoa kuta zake. Miaka ya 1950 wachimbaji wa Kijerumani walikuta humo na kandokando yake kalibu za udongo za kufinyangia mikunjo ya nguo, mabaki ya pembe, vipande vya kioo na vifaa vya kazi. Kikapatikana pia kikombe kidogo cha udongo chenye rangi nyeusi, na chini ya kitako chake mtu alikwaruza kwa ncha ya chuma maneno yanayosema kikombe hicho ni mali ya Pheidias. Kiko makumbusho sasa. Sanamu iliyostaajabisha dunia imepotea, na kikombe cha fundi, ambacho hakuna mtu angefikiria kukitunza, ndicho kilichotufikia.

Kabla ya kuondoka kwenye magofu, pitieni kwa Hera, mke wa Zeus, kaskazini, chini ya kilima. Hekalu lake ni kubwa kwa umri kuliko la mumewe kwa zaidi ya miaka mia moja, lilijengwa kama mwaka 600 K.K. Nguzo zake za kwanza zilikuwa za mbao. Kila moja ilipooza iliwekwa ya jiwe mahali pake, na kila kizazi kilichonga kwa mtindo wake, hata vichwa vya nguzo havifanani. Pausanias alipopita, miaka mia nane hivi baada ya ujenzi, alikuta nguzo moja ya mwaloni bado imesimama nyuma ya hekalu. Kuta zake juu ya msingi wa mawe zilikuwa za matofali mabichi. Hekalu lilipobomoka, matofali yaliyeyuka yakawa tope, na tope likaifunika sanamu ya marumaru ya Hermes aliyembeba Dionysos akiwa mtoto. Mwaka 1877 ilichimbuliwa hapo hapo Pausanias aliposema aliiona. Hivyo udongo duni wa ukuta uliihifadhi kazi ambayo watu husafiri kutoka mabara yote kuja kuitazama.

Sasa tuingie makumbusho. Nawaomba mniruhusu nikae hapa kwa kitambo.

Ukumbi wa kati ni mrefu, na umejengwa kwa ajili ya sanamu za hekalu la Zeus. Mbele na nyuma ya hekalu, chini ya mteremko wa paa, kulikuwa na nafasi ya pembetatu, na kila nafasi ilijazwa sanamu kubwa kuliko kimo cha mtu. Sasa za mashariki zimepangwa upande mmoja wa ukumbi, za magharibi upande unaozielekea, na mgeni anatembea katikati.

Za mashariki zinaonyesha kisa cha Pelops na mfalme Oinomaos, wakiwa karibu kuanza shindano la magari ya farasi. Mfalme alikuwa na binti, na kila mchumba alilazimika kushindana naye. Aliyeshindwa aliuawa. Mchongaji hakuchonga mbio. Alichonga dakika iliyozitangulia, wote wamesimama kimya, Zeus akiwa kati yao. Nyuma ya farasi ameketi mzee, mwaguzi, mwili wake umelegea kwa uzee, nyama za tumbo na kifua zimeshuka, mkono mmoja kauinua shavuni. Anajua kitakachotokea. Sijui sanamu nyingine ya wakati ule iliyothubutu kuonyesha uzee wa mwili kwa ukweli kama huo, na kuuonyesha bila dharau. Wataalamu hawajakubaliana nani alisimama kulia kwa Zeus na nani kushoto, kwa sababu vipande vilikutwa vimetawanyika, vingine vikiwa vimejengewa kuta za nyumba za baadaye. Mpangilio umebishaniwa kwa zaidi ya miaka mia moja.

Kwenye pembe mbili za pembetatu hiyo, paa linapobanana na nafasi inapokuwa finyu, wamelala wanaume wawili wakitazama tukio. Pausanias aliwatambua kuwa ni mito Alpheios na Kladeos. Mtu akiyasikia haya akiwa London au Berlin atayaandika kwenye daftari tu. Akiyasikia Olympia, anatoka nje ya mlango na mito ipo. Kladeos alikwisha kuuona akiwa njiani. Ndivyo ilivyo pia kwa moja ya kazi za Herakles zilizochongwa kwenye mabamba ya marumaru ya hekalu hilo: Herakles anasafisha mazizi ya mfalme Augeias, Athena akimwelekeza pa kufungua ukuta ili maji yapite. Augeias alikuwa mfalme wa Elis, nchi hiyo hiyo, na maji yaliyosafisha mazizi, kwa masimulizi ya kale, yalikuwa pamoja na ya Alpheios. Waliolijenga hekalu waliweka hadithi ya nyumbani kwao juu ya mlango wa mungu wao. Ukizihamisha sanamu hizo, hadithi inageuka kuwa ya kitabuni.

Mabamba yenyewe yalikuwa 12, 6 juu ya mlango wa mbele na 6 nyuma, moja kwa kila kazi ya Herakles. Wageni wengi hupita haraka wakimkimbilia Hermes. Nawashauri msiwafuate. Hermes ni mzuri, ametunzwa vema, chumba chake kina mwanga wa kutosha, na wataalamu wanaendelea kubishana kama ni kazi ya mchongaji Praxiteles mwenyewe. Lakini katika mabamba haya kuna maisha ya mtu. Katika kazi ya kwanza Herakles ni kijana asiye na ndevu. Simba amekwisha kufa chini ya mguu wake, na yeye ameinamisha kichwa kukiegemeza mkononi, amechoka, kana kwamba ametambua kuwa zimebaki 11. Katika bamba la kazi ya kutafuta matofaa amebeba mbingu nzima mabegani badala ya Atlas, sasa ana ndevu, na Athena amesimama nyuma yake akiinua mkono mmoja tu, kwa utulivu, kumsaidia. Hapo ndipo mchongaji anapotuonyesha tofauti ya mungu na mwanadamu, bila kuchora miale wala mabawa.

Upande wa magharibi ni vurugu tupu. Ni harusi ya mfalme Peirithoos, wageni wake nusu watu nusu farasi wamelewa na wanawakamata wanawake. Kuna kijana anayeng'atwa mkono, na uso wake umekunjamana kwa maumivu. Katikati amesimama Apollo, kanyoosha mkono wake wa kulia, kageuza uso, hakukunja ndita. Ukimtazama kwa muda unaelewa kwamba vurugu itakwisha.

Humo humo makumbusho kuna mambo mengi zaidi, na sitayamaliza. Kuna Nike, mungu wa ushindi, aliyechongwa na Paionios akiwa anashuka kutoka angani, nguo zimeshikana na mwili kwa upepo. Aliwekwa na watu wa Messenia na Naupaktos kwa sehemu ya kumi ya nyara za vita. Kuna kofia ya vita ya shaba iliyoandikwa ukingoni kwamba Miltiades ameitoa kwa Zeus, na wengi huamini ni Miltiades yule yule aliyewaongoza Waathene katika vita vya Marathon mwaka 490 K.K. Kuna nyingine, yenye ncha juu, iliyoandikwa kwamba Waathene waliitwaa kutoka kwa Wamedi, yaani Waajemi. Mambo haya lazima yasemwe: mahali patakatifu pa Wagiriki palijaa mali iliyoporwa vitani. Halafu nao waliporwa. Sulla, jemadari wa Kirumi, alizichukua hazina za Olympia kulipia vita vyake. Aliyeporwa leo huenda babu yake alipora jana, na historia haimsamehe yeyote kwa sababu hiyo.

Kuna kitu kimoja zaidi ukumbini. Katika baadhi ya mabamba ya Herakles utaona sehemu zenye rangi tofauti, nyeupe isiyo na uhai. Ni nakala za plasta. Herakles akipambana na fahali wa Krete, miili yao imepishana kwa nguvu ya ajabu, na sehemu kubwa ya bamba hilo halisi iko Paris, katika makumbusho ya Louvre. Hiyo ndiyo sehemu niliyoahidi kuitaja.

Olympia ilikuwa imepotea. Baada ya wafalme Wakristo wa Roma kupiga marufuku ibada za kale mwishoni mwa karne ya 4, na matetemeko kufuata, mito miwili iliendelea na kazi yake, ikaufunika uwanja wote kwa mchanga na udongo wa mita kadhaa. Mwingereza Richard Chandler alipatambua tena mwaka 1766. Mwaka 1829 jeshi la Ufaransa lilikuwa Peloponnese, limekuja kuwasaidia Wagiriki katika vita vyao vya uhuru, na wataalamu waliofuatana nalo walichimba kwa wiki chache, wakakuta vipande vya mabamba, wakaondoka navyo kwa idhini ya serikali changa ya Ugiriki. Idhini ilikuwepo, naam. Lakini nchi ambayo bado haijajua kama itaishi, yenye askari wa rafiki yake katika ardhi yake, inaweza kumnyima nini rafiki huyo?

Miaka mitano baadaye, mwaka 1834, Ugiriki ilitunga sheria iliyozitangaza kazi zote za kale zilizomo nchini kuwa mali ya taifa la Wagiriki. Mtungaji mkuu wa sheria hiyo alikuwa Mjerumani, Georg Ludwig von Maurer, mmoja wa washauri waliokuja na mfalme Otto kutoka Bavaria. Nalisema hili kwa makusudi, tusije tukadhani kwamba uzalendo wa mambo ya kale ni jambo la damu. Ni jambo la sheria, na sheria nzuri inaweza kuandikwa na mgeni.

Kisha akaja msomi Mjerumani, Ernst Curtius. Tarehe 10 Januari 1852 alitoa mhadhara mjini Berlin kuhusu Olympia, mbele ya hadhira iliyokuwa na watu wa ukoo wa kifalme. Alikuwa mwalimu wa mwana wa mfalme wa baadaye. Mhadhara ule ulipanda mbegu, na ilichukua zaidi ya miaka 20 kuota, lakini iliota. Mwaka 1874 ulitiwa saini Athens mkataba kati ya Ugiriki na Dola ya Ujerumani, ambayo wakati huo ilikuwa na umri wa miaka mitatu. Ujerumani ilikubali kulipa gharama zote za uchimbaji. Ugiriki ingebaki na kila kitu kitakachopatikana. Ujerumani ingepata haki ya kutengeneza nakala na kuchapisha matokeo, na Ugiriki, ikitaka yenyewe, ingeweza kutoa vitu vyenye mapacha wake. Uchimbaji ulianza Oktoba 1875, na kabla mwaka haujaisha Nike wa Paionios alikuwa ametoka udongoni. Uliendelea hadi 1881. Bismarck, Kansela wa Ujerumani, hakupendezwa na fedha zinazotoka bila sanamu kuingia. Lakini mkataba ulikuwa mkataba. Mfanyabiashara wa Kigiriki, Andreas Syngros, alitoa fedha, yakajengwa makumbusho pale pale bondeni. Haya ya sasa yalifunguliwa mwaka 1982 kuchukua nafasi yake.

Sasa sikilizeni hili. Mwaka 1878, Wajerumani wangali wanachimba Olympia, Carl Humann alianza kuchimba Pergamon, mji wa kale wa Kigiriki uliokuwa ndani ya Dola ya Ottoman. Huko sheria ya wakati ule iliruhusu kugawana na kununua. Michongo ya madhabahu kubwa ya Pergamon ikapelekwa Berlin, na jina la mji huo sasa liko juu ya mlango wa makumbusho ya Kijerumani. Wachimbaji ni wa taifa moja, miaka ni ile ile. Olympia ilibaki na mali yake, Pergamon ikabaki na kilima. Waottoman walipiga marufuku usafirishaji mwaka 1884, madhabahu ikiwa imekwisha kuondoka.

Na sisi? Mwaka 1909 Ujerumani hiyo hiyo ilianza kuchimba mifupa ya dinosaria, mijusi wakubwa wa kale, huko Tendaguru, kaskazini-magharibi mwa Lindi. Kwa misimu minne, hadi 1913, Werner Janensch, Edwin Hennig na wenzao walisimamia kazi hiyo, lakini waliochimba, waliofunga mifupa kwa udongo na mianzi, na walioibeba vichwani kwa siku kadhaa hadi bandarini walikuwa watu wa kusini mwa nchi hii, kwa mamia, katika eneo lililokuwa limetoka tu kwenye vita vya Majimaji. Msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani, mtu aliyejua kuutambua mfupa ndani ya udongo na kuutoa bila kuuvunja. Zaidi ya tani 200 ziliondoka. Mjusi mkubwa wa Tendaguru alisimamishwa Berlin mwaka 1937, na kimo chake cha zaidi ya mita 13 kinawavutia wageni mpaka leo. Hapakuwa na mkataba wa mwaka 1874 kwa ajili ya Lindi, kwa sababu hapakuwa na mtu upande wa pili wa meza mwenye haki ya kushika kalamu. Sheria iliyotumika ilikuwa ya mkoloni, na mkoloni alijiruhusu mwenyewe.

Najua hoja zinazotolewa. Wapo wanaosema mjusi yule akirudishwa tutamweka wapi, na suala lenyewe limewahi kuulizwa bungeni likajibiwa kwa hesabu za gharama. Wanasema vitu vya kale viko salama zaidi kule. Olympia inatoa jibu la kweli, na jibu hilo lina machungu yake. Mwaka 2007 moto wa msituni ulifika hadi kwenye magofu, ukaunguza kilima cha Kronion, na wazimamoto waliokoa makumbusho kwa shida. Mwaka 2012 majambazi wenye silaha waliingia katika makumbusho ya historia ya michezo, yaliyomo katika jengo lile la kwanza, wakaiba vitu kadhaa, vikapatikana baada ya miezi. Kutunza ni kazi ngumu, na Wagiriki wamepata hasara na hofu. Hakuna aliyewaambia, kwa sababu hiyo, wampeleke Hermes Berlin. Na sisi tumeonyesha tunaweza. Fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, alilolipata Mary Leakey Olduvai mwaka 1959, lilirudi Tanzania mwaka 1965 baada ya kuchunguzwa Nairobi, na lipo katika Makumbusho ya Taifa. Na kwenye ukingo wa bonde la Olduvai kwenyewe kuna makumbusho, ambapo mtoto wa shule anaweza kutazama nakala za mifupa kisha akatazama chini, akaona tabaka za udongo ilimotoka. Hiyo ndiyo Olympia yetu, na tuanzie hapo.

Kwa hiyo nina maombi mawili, na nitashuka jukwaani. La kwanza ni kwa wanafunzi mlioko hapa: someni sheria pamoja na elimukale, maana taifa linahitaji watu watakaousoma mkataba wa uchimbaji kifungu kwa kifungu kabla haujatiwa saini, na kila mwaka timu za kigeni zinaomba vibali vya kuchimba nchini mwetu. La pili ni kwa wenye dhamana ya mambo ya kale. Mazungumzo kuhusu mifupa ya Berlin yaendelee, lakini msiyasubiri yaishe. Jengeni sasa, mkoani Lindi, nyumba ya kuieleza Tendaguru, yenye nakala, picha na maelezo kwa Kiswahili, karibu na mahali penyewe kadiri barabara itakavyoruhusu, na mlangoni pake liandikwe jina la Boheti bin Amrani.